Njoo Baadaye

Siku hiyo kiti cha Bawabu kilikuwa kama kimeota miiba. Akikaa anainuka, akiinuka anasahau alichoinukia, anarudi kukaa. Mtunza stoo, ambaye dirisha lake linatazamana na mlango wa chumba cha seva, alimvumilia weee, mwisho uvumilivu ukamwishia.

"Dada, una nini leo? Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Nasubiri barua."

"Wewe? Wewe ndiye unasubiri barua?" Mtunza stoo aliweka chini bomba alilokuwa akilipima, akacheka mpaka akashikilia dirisha. "Jamani njooni msikie! Anayezuia barua za watu leo anasubiri yake!"

Hakuna aliyekuja, maana kila mtu alikuwa na kazi zake, lakini Bawabu alisikia uso unapata moto. Akafunga mlango. Halafu akaufungua tena, maana mle ndani hakukaliki. Kabla mashine haijaletwa kilikuwa chumba cha kuwekea ndoo na mafagio, dirisha lake dogo kama la choo, na feni ya kupozea seva ilikuwa inakoroma kama mzee aliyeshiba.

Bawabu halikuwa jina lake. Ofisi ile ilikuwa ya maji, watu walikuja pale kulalamika kwamba bomba limepasuka au mita inakimbia kuliko maji yenyewe, na yeye hayo hayakumhusu. Kazi yake ilikuwa kuchunga seva ya barua pepe, barua za kweli ziingie, barua taka zibaki nje. Wenzake wakambandika jina la bawabu kwa utani, likamganda. Hata mkuu wa ofisi, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alikuwa anamwita hivyo hivyo mbele ya wageni.

Na kweli alikuwa na milango ya kulinda, tena miwili.

Wa kwanza ni mlango wa nje. Ikifika mashine ngeni imebeba barua, mlango huu hausomi barua wala hauulizi imetoka kwa nani. Unatazama tu namba ya mashine iliyoileta. Ukiona hauijui, unaiambia: njoo baadaye. Basi, hakuna ugomvi. Mwenye shida ya kweli anarudi baada ya muda kidogo, na akirudi anafunguliwa. Tapeli ana milango laki ya kugonga, hana muda wa kurudi kwa mtu mmoja, anakwenda zake. Mlango wa pili ni wa ndani, na huo ndio unaosoma: barua inasema nini, inaahidi nini, ina harufu gani. Halafu kuna orodha nyeupe, majina ya wale wanaopita bila kusumbuliwa, na orodha hiyo ndiyo iliyomfanya Bawabu achukiwe na nusu ya ofisi.

Maana alikuwa ameweka sheria. Mwaka uliopita mhasibu alifungua barua iliyojifanya imetoka kwa mkuu, akabofya, na kompyuta zote zikajifunga kama konokono aliyeguswa. Watu waliandika bili za maji kwa mkono mpaka vidole vikaota sugu, na wateja walitukana mpaka matusi yakawaishia. Tangu hapo Bawabu akasema: hapa haingii mtu kwenye orodha bila mdhamini. Anayetaka barua ya mtu wake iingie aje na mwenzake ambaye hafaidiki chochote, akae kwenye stuli la chumba cha seva, aseme kwa mdomo wake kwamba anamjua mtumaji. Kisha mkuu atie saini.

Watu walinung'unika, lakini walifuata. Mpiga chapa alinyimwa muuza vitambaa wake. Mkuu mwenyewe alinyimwa shemeji yake, akanuna siku mbili tatu, akasamehe. Mtunza stoo alinyimwa barua za habari za mpira, maana mdhamini aliyemleta alikuwa dereva, na dereva anazisoma habari hizo hizo kwenye simu ya mtunza stoo. "Huyu si mdhamini," Bawabu alimwambia. "Huyu ni mlaji mwenzako." Mtunza stoo hakusahau.

Sasa barua iliyokuwa inamtoa Bawabu roho ilikuwa ya mama yake.

Mama yake ni fundi cherehani. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho, yote mawili. Mwanzoni alisema taa ni mbovu. Akabadilishiwa taa. Akasema uzi wa siku hizi ni mwembamba. Mwisho akawa anawaita watoto wanaopita njiani wamtungie sindano, na akishona mkono wa shati unatoka mmoja umetazama mbele, mwingine umetazama jirani. Bawabu alimbembeleza kuhusu upasuaji mpaka ulimi ukachoka. Mama alikuwa na woga, na woga wake alikuwa ameuvisha nguo ya utani: "Wanifungue jicho kwani mimi kopo?" Alicheka yeye, wakacheka na wengine, na maneno yakaishia hapo kila mara.

Mpaka jioni moja, hakuna aliyemgusa wala kumuuliza, mama akaweka mkasi chini akasema: "Haya. Nimekubali. Lakini usiniulize tena, mwanangu. Ukiniuliza mara ya pili nitakataa."

Bawabu hakupoteza muda. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja kwenye hospitali kubwa, mbali, safari ya kutwa nzima. Nafasi chache, watu kama mchanga. Hospitali ikasema itamwandikia kila aliyechaguliwa barua pepe, na ndani yake kuna mahali pa kubofya ili kuthibitisha. Asiyethibitisha mpaka siku ya mwisho saa za kufunga kazi, nafasi yake inakwenda kwa anayefuata. Walipomuuliza anwani, Bawabu akatoa ile ya ofisini, tena kwa maringo. "Hiyo naichunga mwenyewe," alisema. Akamleta mhasibu akae kwenye stuli adhamini, mkuu akatia saini, jina la hospitali likaingia kwenye orodha nyeupe kwa njia iliyonyooka kabisa.

Siku ya mwisho ndiyo hiyo. Barua haijaja.

Alipiga simu hospitali. Ikaita, ikakatika. Akapiga tena, akiwa amesimama, akikwangua rangi ya ukutani kwa kucha bila kujijua. Mara ya tatu kijana mmoja akapokea, karani, sauti yake ya mtu aliyezungumza na dunia nzima tangu asubuhi.

"Jina la mgonjwa?"

Akamtajia.

"Mbona huyu tumemtumia tangu jana, dada yangu. Jina lake limetoka. Nafasi anayo."

Bawabu alishika meza. "Limetoka?"

"Limetoka. Ila hapa kwenye barua naona imeandikwa 'inasubiri'. Sijui inasubiri nini. Mlango wenu una matatizo?"

Neno hilo la mlango lilimchoma kama sindano ya mama yake. "Siwezi kuthibitisha kwa simu hii hii? Nipo, unanisikia, niulize chochote."

"Ningeweza ningekusaidia, haki ya Mungu. Mfumo haukubali. Ni kubofya tu. Na kubadilisha anwani mpaka mtu afike hapa mwenyewe na kitambulisho."

"Utafunga lini?"

"Nikiondoka tu, nafunga orodha. Leo tumechoka, dada, hatukai."

Bawabu alikaa mbele ya mashine akafungua kumbukumbu za mlango wa nje, ile mistari midogo midogo ambamo kila anayebisha huandikwa pamoja na anayemwandikia, ingawa mlango wenyewe hujali namba tu. Akatafuta jina la hospitali, na kulikuwa nalo. Jana mchana, limebisha, limeambiwa njoo baadaye. Likarudi. Likaambiwa njoo baadaye. Likarudi tena usiku, na alfajiri, na asubuhi hii, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Alijikuna kichwa. Aliyerudi si ndiye anayefunguliwa? Akaangalia upande wa namba za mashine.

Kila safari barua ilikuwa imekuja na mashine nyingine.

Akaelewa yote kwa mara moja. Hospitali haipeleki barua zake yenyewe. Imekodi kampuni ya kubeba barua, na kampuni ina mashine utitiri, barua ikirudishwa na hii inapandishwa ile. Kwa hiyo mlango wa nje, ambao hausomi majina, kila mara ulikuwa unaona sura mpya. Mgeni alikuwa anarudi kwa uaminifu kabisa, lakini anarudi na uso wa mtu mwingine. Na lile jina alilolisajili kwa mdhamini na saini? Lilikuwa kwenye orodha ya mlango wa ndani. Alikuwa amemwandalia mgeni kiti sebuleni, na mgeni yuko barabarani amesimama juani tangu jana.

"Mjinga mimi," alisema kwa sauti. "Mjinga, mjinga, mjinga."

"Leo umejijua," mtunza stoo alijibu kutoka dirishani kwake.

Dawa yake ilikuwa rahisi, na Bawabu mikono ikaanza kwenda yenyewe. Mashine zote za ile kampuni aziweke kwenye orodha nyeupe ya mlango wa nje, ile ya namba, zipite. Mstari mmoja tu. Alishaandika nusu, akajiambia hebu nitazame kwanza kampuni hii inatuletea nini kingine. Akashuka na mistari, akashuka, akaona.

Tangu asubuhi kampuni ile ile ilikuwa imebeba barua nyingine, zimeandikiwa kila mtu wa ofisi ile mmoja mmoja, kutoka kwa mtumaji aliyejiita Idara ya Mishahara. Hawakuwa na idara ya mishahara. Siku chache nyuma ofisi ya ardhi, jirani zao wa ukuta mmoja, walipata barua za namna hiyo, na mpaka leo watu wao walikuwa wanakwenda kazini kukaa tu, kompyuta zimekufa. Tapeli naye alikuwa amekodi gari lile lile la hospitali. Walikuwa wamesimama mlangoni pamoja, mama yake na mwizi, bega kwa bega, na wote wawili wanaambiwa njoo baadaye. Akilifungulia gari, wote wanashuka. Mlango wa ndani ungewakamata baadhi, lakini barua hizo zilikuwa zimeandikwa vizuri mno. Kule kwa jirani zilipita.

Simu ikalia. Mama.

"Imekuja?"

"Bado, mama."

"Aa." Sauti ya mama ikawa nyepesi ghafla, kama mtoto aliyeambiwa hakuna shule. "Basi tena, mwanangu. Haikuwa yangu. Mungu anajua."

"Mama, siku haijaisha."

"Nilishasema na moyo wangu, isipokuja nimeachiwa. Ngoja nimalizie gauni la watu hapa." Na akakata.

Bawabu aliutazama ule mstari wa nusu. Nafasi ikipita leo, mwakani madaktari watarudi labda, lakini ile 'nimekubali' haitarudi. Alimjua mama yake. Akainuka, akatoka mbio mbio, akagonga kwa mkuu.

Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, miwani kifuani, kidole kwenye kikombe cha chai iliyopoa.

"Pole sana kwa mama," alisema. "Sasa unataka niruhusu hiyo kampuni yote?"

"Kwa muda tu, Mkuu. Barua ikiingia nafunga."

"Na hizo za mishahara zikiingia nayo? Nani hapa asiyefungua barua ya mshahara? Hata mimi ningefungua, Bawabu, tena ningefungua kabla sijavua viatu."

"Nitapita kila chumba kuwaambia wasifungue."

"Uliwaambia mwaka jana." Mkuu alivuta pumzi. Hakuwa mkali, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Bawabu zaidi. "Sheria umeitunga wewe. Mimi shemeji yangu nilimfuta machozi nikakaa kimya. Niletee mdhamini. Mtu asiyefaidika chochote, akae aseme kampuni hiyo ni salama, mimi natia saini sasa hivi."

Mdhamini! Mhasibu alikuwa benki. Mpiga chapa aliposikia tu neno 'mwaka jana' akaanza kutafuta kitu chini ya meza na hakuinuka. Dereva alisema yeye alishaambiwa kwamba ni mlaji, hajui kudhamini. Bawabu alijikuta amesimama kwenye dirisha la stoo, katikati ya harufu ya mafuta ya bomba, anamtazama adui yake.

"Kaka," alisema.

"Eeh! Leo mimi kaka!" Mtunza stoo akapangusa mikono taratibu, kama mtu aliyeletewa chakula akipendacho. "Mkuki kwa nguruwe mtamu, si ndiyo? Kwa binadamu je?"

"Mchungu. Nimekubali. Nisaidie. Ni macho ya mama yangu."

Kwa muda kidogo mtunza stoo aliacha kucheka. "Yule anayeshona? Aliyenishonea suruali ya kazi?"

"Huyo huyo."

"Ile suruali mifuko yote miwili iko upande mmoja, dada."

"Ndiyo maana nahangaika!"

Wakacheka wote, bila kutaka. Halafu mtunza stoo akaegemea dirisha, akashusha sauti. "Sikiliza. Mimi nitakaa kwenye kile kistuli chako, nitaapa kampuni hiyo naijua tangu iko tumboni kwa mama yake. Na wewe unaniingizia barua zangu za mpira. Ngoma droo."

Bawabu kidogo tu aseme haya. Neno lilishafika kwenye meno. Wangepanda pamoja kwa mkuu, huyu angeapa uongo na uso mkavu, mkuu angetia saini, barua ingeingia, mama angepona. Na kesho mpiga chapa angefungua barua ya mshahara wake.

"Hujui hata kampuni yenyewe inaitwaje," alisema.

"Sijui. Nitajie."

"Hapana, kaka."

Mtunza stoo akanyoosha mikono juu kama aliyefunga duka. "Basi ndugu yangu, hao wageni wako wapokee wewe mwenyewe. Walale kwako, wakuibie wewe. Sisi tuache na amani yetu."

Bawabu alishageuka kuondoka. Akasimama, mguu mmoja hewani. Alisimama hivyo mpaka mtunza stoo akaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Dada? Nimekukosea?"

Alishaondoka. Alirudi kwa mkuu bila hata kugonga. "Mkuu, mdhamini sina. Na simwingizi mtu yeyote kwenye orodha. Nataka kujitoa mimi."

"Kujitoa kazini?"

"Kujitoa kwenye ulinzi. Milango yote miwili naweza kuiambia hivi: barua yoyote iliyoandikiwa anwani yangu, msiizuie, haijalishi imekuja na gari gani. Za wengine wote zibaki kama zilivyo. Watakaoshuka watashukia kwangu peke yangu."

Mkuu alivaa miwani. "Wote? Na matapeli?"

"Wote. Na kompyuta yangu naizima, waya nachomoa. Nitazisomea kwenye simu yangu, kwa mtandao wangu. Nikiumwa, naumwa mimi na simu yangu."

"Hilo halihitaji mdhamini?"

"Sijui, Mkuu. Sheria hiyo sikuitunga."

Mkuu akavuta karatasi akatia saini. "Kimbia," alisema.

Bawabu aliandika mstari wake, akauhakiki, akawasha upya milango yote miwili. Akampigia karani. "Kaka yangu, itume tena. Tafadhali. Sasa hivi."

"Dada, mimi nina mkoba begani hapa."

"Itume, ndipo uende."

Akasikia kubonyeza. "Nimetuma. Mungu akusaidie." Simu ikakatika.

Kisha wakaja.

Alikuwa amesahau dunia ya nje ikoje. Simu ilitetemeka mkononi, moyo ukaruka: Idara ya Mishahara, marekebisho ya mshahara wako, bofya hapa. Ikatetemeka: umeshinda gari. Ikatetemeka: mzigo wako umekwama mpakani. Mjane mmoja alikuwa na mali nyingi na hana wa kumrithi. Dawa ya kurudisha nywele. Mtu aliyedai amempiga picha akioga. Kila mtetemo alitazama, na kila alipotazama haikuwa ya hospitali. Alitembea kutoka chumba cha seva mpaka kwenye bomba la uani, kutoka bombani mpaka getini, akarudi. Mtunza stoo alikuwa amefunga dirisha lakini hakuondoka, alikaa kwenye ngazi akijifanya anafunga kamba za viatu.

"Vipi?"

"Mjane mwingine."

"Usimkatae moja kwa moja, mwambie una kaka."

Ofisini watu walianza kukusanya vitu vyao. Simu ikatetemeka tena, Bawabu akiwa mlangoni pa stoo.

UTHIBITISHO WA NAFASI. BOFYA HAPA KABLA YA MWISHO WA LEO. USIPOBOFYA UTAPOTEZA NAFASI YAKO.

Herufi kubwa tupu. Hapakuwa na salamu wala jina la mgonjwa, kulikuwa na namba ndefu tu. Mtumaji ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu kama paka ametembea juu ya kibodi, na jina la hospitali limechomekwa katikati. Kidole cha Bawabu kilishafika juu ya neno 'hapa', kikasimama. Ukutani mbele yake kulikuwa na karatasi aliyoiandika na kuibandika yeye mwenyewe, katika kila chumba cha ofisi ile: barua inayokuharakisha ni ya mwizi. Na hii inamharakisha. Inamharakisha kuliko mjane na mwenye gari wakiwekwa pamoja. Kama ni ya kweli, dakika zinakwisha. Kama ni ya uongo, huyo mwizi amejuaje kwamba leo anasubiri kitu?

Akaomba simu ya mtunza stoo, kwa sababu simu yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa na barua. Akapiga hospitali. Ikaita. Ikaita. Alitaka kulia. Ikaita.

"Nani tena?" Karani, anahema, kama aliyerudi kutoka mlangoni.

"Ni mimi. Wa macho ya mama. Nisomee namba iliyo kwenye barua yenu."

"Dada, taa nimeshazima!"

"Washa, kaka yangu. Nina barua mkononi na siijui kama ni yako. Nisomee namba tu. Nakuomba kama ndugu."

Kiti kikaburuzwa, na karani akaanza kusoma, tarakimu baada ya tarakimu, kwa sauti ya mtu anayehesabu dhambi zake. Bawabu alifuata kwa kidole kwenye kioo. Mtunza stoo alichungulia juu ya bega lake, midomo inamchezacheza. Ya mwisho ikalingana.

"Ni yenu?" Bawabu aliuliza. "Unaniambia kwa mdomo wako kwamba ni yenu?"

"Ni yetu! Mimi ndiye niliyeituma! Bofya, dada, nimechelewa nyumbani!"

Akabofya. Kigurudumu kikazunguka, kikazunguka, kikazunguka.

"Imeingia," karani alisema. "Naiona hapa. Imethibitishwa. Kwaheri, na usinipigie tena, nakupenda lakini usinipigie." Akakata.

Bawabu alikaa chini pale pale sakafuni, kwenye vumbi la stoo. Mtunza stoo alichukua simu yake, akaifuta kioo kwa shati. "Mimi nilikuwa nadhani kazi yako ni rahisi," alisema, halafu kama aliyejutia upole wake akaongeza, "Ya mpira bado nakudai."

Alimpigia mama akiwa bado amekaa chini. Upande wa pili cherehani ilikuwa inakwenda, kisha ikasimama.

"Mama, imekuja. Nimeshathibitisha. Nafasi ni yako."

Bawabu hakumuuliza kama bado anakubali. Alijua asiulize. Alisikia mama anavuta pumzi, anaiachia, anaokota kitu, anakiweka. Barabarani kwao mtoto alikuwa anapita anaimba. Mama hakumwita amtungie sindano. Bawabu akaanza kuogopa kwamba yale maneno ya utani, ya kopo, yanakuja.

"Wanaanza na jicho lipi?" mama aliuliza.

"Ngoja nitazame, mama. Usikate."

Akaishusha simu kutoka sikioni akafungua barua zake. Ya hospitali haikuwepo tena juu. Walikuwa wameshaingia wengine, Idara ya Mishahara mara tatu, wajane, magari, mizigo, na walikuwa bado wanaingia mbele ya macho yake. Akaanza kuteremka na kidole, mmoja mmoja, akiwapita wote, na kutoka kwenye simu sauti ya mama ilikuwa inasema: nipo, tazama taratibu, mimi nipo.